Mkuu wa Chumba cha Baridi

Nimefanya kazi chini ya watu wengi. Walikuwamo wakali, walikuwamo wavivu, na mmoja alikuwa mwizi hasa, mchana kweupe. Wote hao nimeshawasamehe. Aliyebaki ni mmoja, na huyo sina haraka naye. Tulimwita Mkuu. Hakuwa mkuu wa kiwanda, maana kiwanda kilikuwa na meneja wake. Alikuwa mkuu wa chumba kimoja, chumba cha kompyuta, na chini yake tulikuwa watu wanne tu, lakini ungemwona akitoka mlangoni ungedhani ameacha nchi nzima nyuma yake.

Sijamsamehe kwa sababu ya Mwanaisha, aliyekuwa mwenzetu mle ndani. Mwanaisha alikuwa mwanamke wa Bofu, Likoni, asiye na makuu, na kitu alichokuwa nacho duniani ni jina lake zuri tu. Mkuu alilichukua jina hilo akalitupia matope ili nguo zake yeye zisichafuke. Haya ninayoyaeleza, hata yale ya kuchekesha, nayaeleza kwa ajili hiyo.

Kiwanda chetu kilikuwa cha sabuni, huko Changamwe, na harufu yake ilitufuata hadi nyumbani. Mimi nilikuwa nikitokea Jomvu Kuu, na mke wangu alisema hana haja ya kuniuliza nilikuwa wapi, kwani pua imeshamwambia. Chumba cha kompyuta kilikuwa nyuma ya ghala. Mlango wake ulikuwa wa chuma, dirisha hapana, na mashine mbili za kupoza hewa zilinguruma humo mchana kutwa. Ndani ilikaa kompyuta yenyewe, kabati kubwa kumpita mtu kimo, iliyoletwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ilikuwa moja, lakini ilijigawa kwa ndani, hata watu wa ghala wakaona wana kompyuta yao, watu wa mauzo wana yao, na ofisi ya wafanyakazi ina yake, wala hawaingiliani. Palikuwa na sehemu moja iliyousimamia mgawo huo wote: nani aingie, apewe nafasi kiasi gani, nani atolewe. Sehemu hiyo ilikuwa na skrini yake na kibodi yake pembeni, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Pale ndipo alipokaa Mkuu, na hapana mwingine aliyeruhusiwa hata kuegemea.

Nianze na sweta. Changamwe mtu hutoka jasho akiwa amekaa kitako. Mkuu alikuwa na sweta la sufu, la kijivu, mikono mirefu. Ndani ya chumba lilikuwa na maana yake, sikatai, hata Mwanaisha alijitanda leso mbili. Lakini sisi tukitoka tulivua, na Mkuu alitoka nalo. Alikwenda nalo kantini saa saba mchana, akapanga foleni nalo, akala wali nalo, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, ili wapakiaji wa sabuni wajue kwamba yeye ni mtu wa baridi. Siku moja mpakiaji mmoja alimwuliza kwa adabu zote, "Mzee, yakhe, waumwa? Ni homa?" Mkuu akamjibu, "Mwili wangu umeshazoea hali ya hewa ya mitambo." Meza nzima tuliziinamia sahani zetu tusionekane meno.

Viatu tulivivua mlangoni. Vumbi, alisema, ni adui wa mashine, na hapo alisema kweli. Mgeni akipita nje na kuona vile viatu vilivyopangwa angedhani ndani mnasomwa hitima. Meneja alivua, mafundi walivua, hata askari aliyekuja kukagua vizimamoto alivua mabuti yake. Yeye Mkuu aliingia na vyake. Nilipomwuliza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho, aliniambia kwamba viatu vyake havikanyagi ovyo.

Ukimwamkia shikamoo alitikisa kichwa tu, kana kwamba kila marahaba inakatwa kwenye mshahara wake. Ukimwuliza jambo la kazi alikuuliza wewe, "Umesoma wapi?" Yeye alikuwa amesoma Ulaya. Kozi yake ilikuwa ya wiki chache, na mazungumzo yake juu ya kozi hiyo yalidumu muda wote niliomjua. Theluji ya huko tuliijua mpaka tukaichoka. Alikuwa na misemo yake ya kutufungia midomo. "Kompyuta si jiko la makaa, kila mtu akapulize." "Mashine inamjua mwenyewe." Na ule alioupenda kuliko yote: "Anayeuliza ameshashindwa." Sasa fikiria kuwafundisha watu kazi kwa msemo huo. Debe tupu haliachi kuvuma, ila debe hili lilikuwa na funguo kiunoni, nalo likilia tulisimama.

Nisimdhulumu, maana hata kumdharau mtu kuna haki yake. Mama yake Mwanaisha alipofariki, Mkuu alikuwa wa kwanza kufika Bofu. Alivuka kivuko asubuhi na mapema kabla yetu sote, akalivua sweta, na hiyo ndiyo siku pekee niliyoiona mikono yake. Alishika jembe makaburini, akalibeba jeneza, akakaa matanga mpaka wa mwisho wakaondoka. Mwanaisha alilia akaniambia, "Huyu bwana ana roho, twamwonea bure." Mwanaisha aliporudi kazini, Mkuu alimpita mlangoni kama hamjui, akamkaripia kwa sababu leso yake ya kufiwa ilikuwa ikitoa nyuzi. Mpaka leo sijui niiweke wapi siku ile ya Bofu. Nimeitia hapa kwa sababu ilikuwako.

Sasa nije kwenye jambo la kutazama ukuta, ambalo watu wengi nikiwasimulia hawaniamini.

Kila Ijumaa, kabla ya swala, ilitakiwa kumbukumbu zote za kiwanda zinakiliwe kwenye kanda, ili mashine ikipata ajali pawe na pa kuanzia. Kanda hizo zilikuwa magurudumu makubwa, kama vifuniko vya sufuria za harusi. Kazi ya Mwanaisha ilikuwa kuzitoa kabatini, kuzipachika kwenye mashine yake, na baadaye kuzirudisha na kuzibandika karatasi ya tarehe. Kazi ya kunakili yenyewe ilikuwa ya Mkuu, kwa sababu palihitajika neno la siri. Alikaa kwenye meza yake ya kitambaa, akapiga makofi mara moja, akasema, "Geukeni."

Nasi tukageuka. Watu wazima wanne, wenye wake na waume na watoto, tukautazama ukuta. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Mimi mahali pangu palikuwa na ufa ulioshuka kutoka darini ukagawanyika mara mbili, na niliujua ufa ule kuliko nijuavyo viganja vyangu. Mwanaisha alisimama kando yangu akisoma nyiradi kimyakimya. Nyuma yetu tulisikia vitufe vikibonyezwa, kiti kikilia, Mkuu akikohoa kikohozi cha mtu mwenye shughuli. Kisha kimya kirefu. Kisha, "Haya." Neno hilo ndilo lililotufungua. Tukigeuka tulimkuta ameegemea kiti, anajifuta uso.

Utaniuliza kwa nini hapakuwa na mtu aliyegeuza shingo. Mwanzoni tuliogopa, maana alituambia siri ikitoka, wa kwanza kushikwa ni yule aliyekuwa akitazama. Halafu tukazoea. Mwishowe tulikuwa hata hatuna hamu, ukuta ulikuwa sehemu ya kazi kama vile kutia sahihi asubuhi. Na ndivyo watu wa namna ya Mkuu wanavyotawala, si kwa ukali, kwa sababu hakuwa na ukali wa kumtisha kuku. Wanatawala kwa vile ambavyo umevifanya kwa muda mrefu hata unaona haya kuviacha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ikaja habari kutoka makao makuu Nairobi kwamba mashine yetu imechakaa na inaletwa mpya. Mkuu alikasirika kana kwamba ameambiwa anaolewa. Mashine ilipofika akakasirika zaidi, kwa kuwa ilikuwa ndogo, ya kufika kiunoni. "Hii?" akasema. "Hii ni ya kuwekea soda." Pamoja nayo alikuja fundi kijana wa Nairobi, mchangamfu, aliyevua viatu bila kuambiwa na aliyemwita Mkuu "buda", yaani mzee kwa lugha ya vijana wa huko, siku nzima bila kuona kosa.

Fundi yule alitukalisha sote akatueleza. Ile sehemu ya kusimamia, ile ya mezani kwa Mkuu, haitatupwa. Itahamishwa kama ilivyo, ikaishi ndani ya mashine mpya kama mpangaji anavyoishi chumba kimoja cha nyumba, na wapangaji wengine, ghala na mauzo na kadhalika, watakaa vyumba vyao. Mkuu alisimama. "Mpangaji?" akasema. "Miaka yote hii mimi ndiye mwenye nyumba, leo niwe mpangaji?" Fundi akacheka akidhani ni mzaha.

"Kitu moja tu, buda," fundi alisema. "Hii ya zamani isizimwe. Zikae zote mbili zikiwaka, tuhamishe polepole, kila idara ijaribu upande mpya. Wakisema iko sawa ndiyo tunazima. Ukiizima mapema, na imezunguka hivyo miaka mingi, siwezi kukuahidi itaamka."

Tulisikia sote. Mkuu naye alisikia, akaitikia.

Lakini alikuwa amesikia na jambo jingine. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa akija Mombasa Ijumaa ya wiki ile. Na hapa lazima niseme maradhi yetu sisi, si ya Mkuu peke yake: hatuwezi kufungua hata bomba la maji bila mgeni rasmi. Palipangwa viti uani, likasimamishwa hema, zikaletwa kreti za soda na mahamri, spika ikawekwa na ikaanza kupiga kelele tangu asubuhi. Mashine mpya ilifungwa utepe mwekundu. Kadi zilikuwa zimeshatolewa, na zimeandikwa kwamba mgeni rasmi atazima mtambo wa zamani na kuwasha mpya. Kadi aliziandika Mkuu mwenyewe.

Kazi ya kuhamisha ilikuwa haijafika hata nusu. Fundi alikuwa amehamisha majina ya idara na nafasi zao, vyumba bila vitu. Mwanaisha alimfuata Mkuu mlangoni, nami nilikuwa nyuma yake.

"Mkuu, fundi asema bado. Asema vitu havijaingia."

"Kadi zimeshatoka."

"Si wamwambie mgeni akate utepe tu? Kuzima twazima siku nyingine, inshallah."

Mkuu alimtazama kwa yale macho yake ya Ulaya. "Kanda ninazo," akasema. "Kila Ijumaa nikikaa pale, ulidhani nacheza? Zima, washa, pachika kanda, kwisha. Nenda kapange glasi."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa haraka. Alivua viatu, akasimama katikati ya chumba na soksi zake, akaelekezwa swichi, akabonyeza. Ile sauti tuliyoishi nayo miaka yote, mvumo wa chini ambao hatukuusikia tena kwa kuuzoea, ikashuka, ikashuka, ikakoma. Halafu watu wakapiga makofi, utepe ukakatwa, taa ndogo za mashine mpya zikawaka, na wageni wote wakatoka kwenda kwenye soda.

Ndani tulibaki sisi na fundi. Fundi alifungua skrini, tukaona majina: Ghala. Mauzo. Wafanyakazi. Ukifungua ndani, hamna kitu.

"Sawa," akasema, "leteni kanda."

Mwanaisha akaleta ya karibuni akaipachika. Mkuu akavuta kiti, akapiga makofi mara moja.

"Geukeni."

Tukageuka. Nilisikia fundi akiuliza, "Nigeuke niangalie nini?" akicheka. Kisha nikasikia Mkuu akisema kwamba mikono inamuuma leo, ni baridi ya miaka mingi, kijana aendelee yeye. Hapakuwa na "Haya". Tuligeuka wenyewe tuliposikia fundi akipumua kwa nguvu.

Kanda ilikuwa tupu. Akaomba ya Ijumaa ya nyuma yake, tupu. Mwanaisha alikuwa akizitoa kabatini, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa vivyo hivyo. Fundi akafungua kifaa cha kanda, akakitazama kwa tochi, akasema kichwa cha kuandikia kimeliwa na kutu zamani sana.

"Lakini mashine lazima ilikuwa inasema," akatuambia. "Kila ukijaribu inaandika hapa kwa skrini: kanda haiandiki, unataka nifanye nini? Na kuna msee alikuwa anabonyeza hapa, ya kupuuza. Kila mara. Nani?"

Mkuu alikuwa ameshaenda kwenye ile mashine ya zamani, akaiwasha. Sahani zake za chuma, zile zilizoshika kumbukumbu zote, ziliguna mara moja. Zilikuwa zimezunguka miaka bila kupumzika, na sasa zimepoa zikashikana, hazizunguki tena. Akawasha tena. Akaiwekea mkono ubavuni, nikamsikia akisema chini kwa chini, "Amka, mama. Amka." Ningeweza kumwonea huruma wakati ule. Nusura nimwonee. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikasema moyoni, leo utasema tu kweli, na ukisema tutakusaidia kuibeba.

Hakusema. Nje spika ilikuwa ikimwita aje atoe shukrani, akalivuta sweta likae vizuri, akatoka akazitoa.

Kiwanda kilipoteza kumbukumbu zake zote, na Jumatatu, fundi akiwa ameshaitwa arudi Nairobi, tuliitwa ofisini kwa meneja. Mkuu alikaa mbele, mguu juu ya mguu. Alisema maneno machache tu. Kanda, alisema, siku zote zilikuwa mikononi mwa Mwanaisha. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa kabati, ndiye anayezibandika karatasi. Kama kuna uzembe katika kanda, uulizwe ulikolala.

Mwanaisha alisimama. "Bwana Meneja, mimi kanda nazibeba tu. Kuandika aandika Mkuu. Hata skrini sijaiona kwa mato yangu haya. Yeye hutwambia tugeuke, twatazama ukuta mpaka amalize. Wallahi ndivyo."

"Mnatazama ukuta?"

"Ukuta, bwana."

"Kila Ijumaa? Miaka yote?"

"Kila Ijumaa."

Meneja akatutazama sisi. Nikasema ndiyo, ni kweli, mimi husimama kando yake. Wale wenzetu wawili waliobaki wakasema hawakumbuki vizuri. Meneja akaanza kucheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyechoka. "Watu wazima," akasema. "Mtazame ukuta miaka kumi na asipatikane hata mmoja wa kugeuza shingo. Mwanaisha, hata kama ni kujitetea, tafuta kinachofanana na kweli." Mkuu naye akacheka kidogo, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi aliyeshikwa na haya kwa mtoto wake.

Hapo ndipo nilipomdharau kabisakabisa. Kabla ya siku ile nilikuwa nikimdharau kwa mzaha. Ujinga wake ulikuwa mkubwa hata ukawa ngome yake. Hapana mtu mwenye akili zake angeamini tuliyokuwa tukitendewa, na yeye alijua, akajificha humo.

Mwanaisha alifukuzwa kwa uzembe. Mombasa ofisi zinajuana, na kila alikobisha hodi jina lilikuwa limeshafika kabla yake: ndiye yule aliyemaliza kumbukumbu za kiwanda cha sabuni. Akarudi Bofu akawa anakaanga viazi karai mlangoni kwake. Nilipokwenda kumtembelea alinipa sahani akakataa nisilipe, akaniambia, "Kazi si neno, kazi Mungu hutoa. Ila watoto wa mtaani waniita Mama Uzembe."

Mkuu alistaafu kwa heshima, akapewa saa ya ukutani. Sikuwapo, nilikuwa nimeshaondoka zangu, nikapata kazi ya stoo katika hoteli moja ya Shanzu. Miaka ikapita. Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini hoteli ikanunua kompyuta, na akatafutwa mtu mzima, mtulivu, wa kuziangalia. Msimamizi wa wafanyakazi alikuwa mama mmoja wa bara, mtu wa kanisa, mkali na mwenye haki. Nikamtajia Mwanaisha. Akamwita, akampenda, kisha akamwuliza alivyotoka kazi ya kwanza. Mwanaisha hakuwa mtu wa uongo, akamweleza yote, mpaka na ukuta.

"Dada," yule mama alimwambia, "nilikuwa nakuamini mpaka hapo kwa ukuta. Mimi siwezi kuandika mtu ambaye ananiambia hadithi."

Nikamwambia, "Mama, huyo Mkuu yupo. Amefungua chuo Kisauni. Twende ukamwulize mwenyewe." Sikujua nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia kwamba uzee umempa aibu.

Chuo kilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la magodoro. Tulipoziona ngazi zimejaa viatu, mimi na Mwanaisha tulitazamana. Tukavua. Ndani mlikuwa na kompyuta chache na vijana wamezibanania, feni juu inazunguka bila faida, na joto lilikuwa la kuivisha embe. Mkuu alikuwa amezeeka, nywele zote nyeupe. Sweta lilikuwa lilelile, viwiko vimetiwa viraka.

"Mwanaisha!" akasema, kwa bashasha. "Alhamdulillahi. U mzima?"

"Shikamoo, Mkuu," akasema Mwanaisha. Mkuu akatikisa kichwa.

Yule mama hakupoteza wakati. "Mzee, huyu dada alifanya kazi kwako. Ningependa kujua ni mtu wa aina gani."

"Mtu mzuri sana," akasema Mkuu. "Mpole, mwaminifu. Ila..." Akaupeperusha mkono. "Ila kanda, unajua. Tulishasamehe."

Yule mama akanitazama mimi kwa macho ya kuniambia: unaona sasa.

Wakati huo kijana mmoja akanyoosha mkono, akasema kompyuta yake imeandika maneno, inauliza swali. Mkuu akainuka, akamwondoa kitini, akakaa. Akalivuta sweta. Akapiga makofi mara moja.

"Geukeni."

Vijana wote wakasimama wakautazama ukuta. Wote, kwa pamoja, hata yule wa mwisho kabisa aliyekuwa na kalamu mdomoni. Mkuu akatuashiria nasi wageni kwa kidole, tugeuke. Yule mama wa hoteli mdomo ulibaki wazi.

Nilimtazama Mwanaisha. Unyayo wake ulikuwa umeshaanza kuzunguka, wenyewe, kwa yale mazoea ya zamani. Kisha ukasita. Akaurudisha, akaupanga sawa na mwenzake, akasimama uso kwa uso na Mkuu.

"Geuka, mwanangu," akasema Mkuu.

"Leo natazama, Mkuu. Ukuta n'meshauona. Bonyeza, nami nione ulikuwa ukibonyeza nini."

Mikono ya Mkuu ilikuwa juu ya vitufe. Skrini ilikuwa ikimwuliza swali lake, nami nilikuwa karibu, nikaliona: swali dogo, la kawaida, ambalo Mwanaisha angelijibu huku anakaanga viazi. Mkuu alilitazama, akatutazama sisi, akalitazama tena. Jasho lilimtoka likamfika kidevuni. Vidole havikushuka.

"Woi," yule mama akasema polepole. "Kumbe ni kweli."

Akamshika Mwanaisha mkono, wakatoka. Mimi nilifuata nyuma. Kwenye ngazi, tukivaa viatu, alimwambia, "Jumatatu uje Shanzu, saa mbili. Na unisamehe." Mwanaisha alikuwa ameinama kwenye ndara zake na hakuinuka kwa muda. Nikageuka nikachungulia ndani kwa mara ya mwisho. Mkuu alikuwa vilevile, mikono hewani, na watoto wa watu wamesimama wanautazama ukuta, wanangoja. Tulishuka hadi barabarani, tukasimama pale kwenye magodoro nikitega sikio, na mpaka tunaondoka sikumsikia akisema "Haya".